Rivyu: sapulaya wa flenji, boliti na valvu mwenye vyeti vingi, nimevisoma kimoja kimoja

Mi nafanya manunuzi kiwandani upande wa matengenezo, kwa hiyo vitu vyangu ni flenji (visahani vya chuma vya kuungia mabomba kwa boliti), boliti, gasketi, fitingi za stenlesi na valvu. Huyu sapulaya nnayemwandikia hapa ni wa Marekani, ni msambazaji, hatengenezi kitu mwenyewe, ananunua kwa viwanda vya chuma afu anaweka ghalani na kuuza. Jina silitaji kwa sababu mambo niliyokuta kwake utayakuta kwa wengine wengi tu, na nnachotaka ni wewe ukasome makaratasi ya sapulaya wako. Kwenye websaiti yake kuna safu ya nembo: ISO 9001:2015 (kiwango cha namna kampuni inavyosimamia ubora), AS9120, na ile ya WBENC inayosema kampuni inamilikiwa na mwanamke. Zikiwa zimepangwa pamoja hivyo unaona kama zote zinasema jambo moja, kwamba bidhaa za hawa watu ni nzuri. Hakuna hata moja kati ya hizo 3 inayosema hivyo. Kila moja inajibu swali lake, na maswali yenyewe ni tofauti kabisa.

Huduma ya kawaida nianze nayo maana haina maneno mengi. Kotesheni inakuja haraka, simu wanapokea, mzigo unapakiwa vizuri, boliti haziji zimemwagwa kwenye boksi bila lebo. Bei siyo ya chini kabisa ila siyo ya kukutoa jasho. Hapo sina tatizo nao.

Sasa ISO 9001. Watu wengi wanadhani shirika la ISO lililoko Geneva ndo linatuma wakaguzi na kugawa vyeti, hapana, ISO inaandika viwango tu, haimpi mtu yeyote cheti. Toleo la kwanza la 9001 lilitoka 1987 likiwa limetokana na kiwango cha Waingereza cha BS 5750 cha 1979, na hili tunalotumia ni la 2015. Anayetoa cheti ni kampuni ya ukaguzi, na kampuni hiyo nayo inatakiwa iwe imepewa ithibati na chombo cha ithibati, kama UKAS kwa Uingereza au ANAB kwa Marekani, na vyombo hivyo vinatambuana. Kwa hiyo cheti halali unaonaga kina nembo 2, ya aliyekagua na ya aliyempa mkaguzi ithibati. Ukikuta nembo moja tu, uliza. Kuna makampuni yanauza vyeti kama bidhaa, unalipa unatumiwa PDF yenye mhuri wa dhahabu na hakuna mtu aliyekanyaga ghalani kwako, na hakuna anayeyazuia kwa sababu nani kasema huwezi kuchapisha karatasi.

Cha huyu sapulaya nilikihakiki. Kuna kanzidata inaitwa IAF CertSearch, unaandika jina la kampuni inakuletea cheti na hali yake, na kama hakimo unaenda kwa kampuni iliyokagua unawauliza kwa namba. PDF peke yake haitoshi hata ikiwa halisi, maana cheti kinaishi miaka 3 na katikati kuna ukaguzi wa kila mwaka, akifeli huo wa kati anaweza kusimamishwa na PDF yake bado imeandikwa tarehe nzuri tu ya mbele. Chake kilikuwa hai.

Ila kuna kitu watu hawakisomi, ni ule mstari mdogo unaosema cheti kinahusu kazi gani na kwenye majengo yapi. Chake kiliandikwa uhifadhi na usambazaji wa viungio, flenji na fitingi, na anwani ni moja, ghala kuu. Valvu zangu zilikuwa zinatoka ghala la pili, mji mwingine kabisa, hati ya mzigo inaonyesha. Yaani kwenye upande wa valvu nilikuwa nanunua kwa kampuni ambayo, kwa mujibu wa cheti chenyewe, haijakaguliwa na mtu. Nikawaandikia. Aliyenipigia simu ni mama mwenye kampuni mwenyewe, akaniambia wazi kwamba lile ghala walilinunua kutoka kwa mtu mwingine na bado hawajaliingiza kwenye cheti, ukaguzi wa kuliongeza umepangwa. Nilipenda alivyojibu bila kuzunguka, ila ukweli unabaki, kwenye websaiti nembo ya ISO ilikuwa imekaa juu kabisa ya ukurasa wa valvu, na hiyo siyo sawa. Nyota moja nimekata hapo na naikata kwa nguvu.

Halafu kuna hili swali, ISO 9001 inanisaidia nini mimi mnunuzi? Kuna wanaosema ni makaratasi matupu, mi sikubaliani nao. Kiwango kinamtaka sapulaya awe na utaratibu wa kuchagua anaonunua kwao, vifaa vya kupimia viwe vimekalibretiwa, mzigo mbovu utengwe usichanganyike na mzuri, na tatizo likitokea atafute chanzo chake siyo kubadilisha kitu na kunyamaza. Hili la mwisho nimeliona kwa macho. Tuliagiza flenji za inchi 2 Class 300 (klasi ni daraja la presha), zikaja Class 150. Kwa saizi hiyo kuzijua ni rahisi, Class 300 ina matundu 8 ya boliti na Class 150 ina 4, kijana wetu wa stoo aliona kabla hata hajazishusha kwenye godoro la mbao. Wangeweza kutuma nyingine na kuomba radhi basi. Walichofanya wametuma nyingine, wakachukua zile kwa gharama yao, na baada ya muda ikaja ripoti inayoeleza kwamba rafu 2 zilikuwa na lebo zinazofanana na mchukuaji anasoma saizi bila kusoma klasi, wakabadilisha lebo na sasa skana inakataa kutoa kama klasi hailingani na oda. Halijarudi tena. Hiyo ndo ISO 9001 ikifanya kazi yake, na kwa hiyo sehemu nawapa alama zote.

Lakini ona, sistimu hiyohiyo nzuri haijui chuma kilichomo ndani ya flenji. Hakuna mkaguzi wa ISO 9001 aliyepima flenji yako. Hilo ni swali la karatasi nyingine kabisa na mi naiona ndo karatasi muhimu kuliko nembo zote za kwenye websaiti, ni cheti cha chuma chenyewe kutoka kiwanda kilichokiyeyusha.

Kiwango cha Ulaya cha EN 10204 kimezipanga karatasi hizi kwa namba na ukizijua hutodanganywa. Aina ya 2.1 ni tamko tu, muuzaji anasema nimekupa ulichoagiza, hakuna kipimo. Aina ya 2.2 ina matokeo ya vipimo lakini siyo lazima viwe vya mzigo wako, vinaweza kuwa vya uzalishaji wa kawaida wa bidhaa ya namna hiyo. Aina ya 3.1 ina vipimo vya mzigo wako wenyewe na imesainiwa na mtu wa ukaguzi wa kiwandani ambaye hayuko chini ya idara ya uzalishaji. Aina ya 3.2 inaongeza saini ya mkaguzi wa mnunuzi au mkaguzi rasmi wa nje. Huyu sapulaya mwanzoni alikuwa ananitumia 2.1, iko kwenye barua nzuri yenye nembo zote 3 juu, na nina uhakika wanunuzi wengi wanaifungia kwenye faili wakiamini ni cheti cha chuma. Nilipoandika kwenye oda kwamba nataka 3.1, ilikuja bila ubishi. Kwa hiyo wanazo, ila hawatoi mpaka udai, na hilo sijalipenda kwa sababu asiyejua kudai ndo anayezihitaji zaidi.

3.1 ikija usiiweke tu. Kuna hiti namba, ile namba ya mchomo mmoja wa chuma kilipoyeyushwa tanurini, na namba hiyo lazima iwe imegongwa kwenye flenji yenyewe. Chukua tochi nenda kaisome. Namba ya kwenye chuma isipofanana na ya kwenye karatasi, hiyo karatasi ni ya mzigo wa mtu mwingine. Afu soma kemikali. Stenlesi ya 316 inatakiwa iwe na molibdenamu kati ya asilimia 2 na 3, ya 304 haina, na ukiziangalia kwa macho huwezi kuzitofautisha hata ukae nazo mchana kutwa. Kwenye maji ya chumvi au kemikali yenye kloridi 304 itaanza kutoboka vishimo vidogovidogo. Sisi tuna ile bunduki ya eksirei ya kupimia metali, unaigusisha inakupa molibdenamu sekunde chache, na mizigo ya huyu sapulaya niliyopima yote imekuja sawa. Ila bunduki nayo ina mwisho wake, haioni kaboni, kwa hiyo haiwezi kukuambia kama ni 316 au 316L ambayo kaboni yake haitakiwi kuzidi asilimia 0.030, na kama unaenda kuchomelea hiyo tofauti ni kubwa. Hapo umebaki na karatasi tena, au upeleke kipande maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025.

Na karatasi inaweza kudanganya hata ikiwa imetoka kiwandani kwenyewe. Hili siyo la kufikirika. NASA walipoteza satelaiti 2, Orbiting Carbon Observatory 2009 na Glory 2011, zote zilirushwa na roketi ya Taurus XL na kote kifuniko cha mbele kinachokinga satelaiti hakikuachia, roketi ikawa nzito haikufika. Uchunguzi wao waliouweka wazi 2019 ulionyesha kwamba alumini ya kiungo kilichotakiwa kukatika ilitoka Sapa Profiles ya Oregon, na kwamba kampuni hiyo ilikuwa inabadilisha matokeo ya vipimo vya kuvuta kwa takriban miaka 19. Hasara ya zile satelaiti ilizidi dola milioni 700, wao wakakubali kulipa milioni 46. Kuna na kiwanda cha kusubu chuma cha Bradken kule Tacoma, vipande vya manowari za jeshi la Marekani, matokeo ya vipimo vya uimara yalikuwa yanaandikwa ya uongo kwa miongo 3, kesi ya kampuni ikamalizwa 2020. Kwenye kesi zote 2 mnunuzi alikuwa na karatasi mkononi, imesainiwa na ina namba zote. Ndo maana kwa kitu ambacho kikifeli mtu anaumia mi nadai 3.2 au napima tena mwenyewe, na sapulaya anayekasirika nikipima tena mzigo wake simrudii. Huyu hakukasirika, tena aliniambia nikikuta tofauti nimtumie na yeye ripoti.

Boliti nazo zina historia mbaya. Miaka ya 1980 Marekani iliingiliwa na boliti feki, maarufu zaidi ni zile za chuma chenye boroni cha Grade 8.2 zilizogongwa alama kama Grade 8, zikiwa baridi zinapita kipimo, zikipata joto zinalegea. Bunge lao likapitisha sheria ya ubora wa viungio 1990 kwa sababu hiyo, alama ya mtengenezaji kichwani ikawa jambo la kisheria. Kwa hiyo boliti za B7 (daraja la chuma cha aloi chenye nguvu) nikizipokea naangalia vitu 2 mwishoni mwa boliti, B7 na alama ya aliyetengeneza. B7 peke yake bila alama ya mtu haiingii stoo. Za huyu zote zilikuwa na alama.

AS9120 nitapita haraka. Ni kiwango cha wasambazaji wa vifaa vya ndege, kimejengwa juu ya ISO 9001 na kuongezewa mambo ya kufuatilia asili ya mzigo na kuzuia feki, na unakihakiki kwenye kanzidata ya OASIS. Mi sinunui vya ndege lakini kampuni ikiwa nacho inakuwa na nidhamu ya kutunza hiti namba hata boksi likigawanywa, na hapo ndo wasambazaji wengi wanapotezaga asili ya mzigo. Faida nimeiona. Usichanganye tu na AS9100 ambayo ni ya watengenezaji. Ukiwa kwenye magari utauliza IATF 16949, vifaa vya hospitali ISO 13485, mafuta na gesi utaangalia API Monogram, leseni ya taasisi ya petroli ya Marekani, na orodha yao iko wazi, usikubali herufi API iliyogongwa kwenye valvu bila kuangalia kama leseni ipo.

Sasa hiki cha umiliki, na hapa nataka niwe mwangalifu kwa sababu naona watu wanakitukana bila kukielewa. WBENC ni shirika binafsi lisilo la faida, lilianzishwa 1997, linathibitisha kwamba kampuni inamilikiwa angalau asilimia 51 na mwanamke au wanawake na kwamba wao ndo wanaoiendesha kweli. Wanakuja kutembelea ofisi, wanahoji, cheti kinahuishwa kila mwaka. NMSDC, lililoanza 1972, linafanya hivyohivyo kwa kampuni za jamii za wachache. Upande wa serikali kuu ni SBA, wakala wa biashara ndogo, wao wana cheti cha wanawake, cha maveterani wenye ulemavu walioupata jeshini ambacho walikichukua kutoka idara ya maveterani Januari 2023, kuna 8(a), mpango wa wenye biashara ndogo walionyimwa fursa, ambao kampuni inakaa miaka 9 basi, na HUBZone ambayo pamoja na mengine inataka asilimia 35 ya wafanyakazi wawe wanaishi kwenye maeneo yaliyoainishwa. Serikali ina malengo ya kisheria ya kununua kwao, wanawake asilimia 5, maveterani ilikuwa 3 ikapandishwa 5, na makampuni makubwa nayo yanahesabu manunuzi yao.

Cha WBENC siyo cha serikali, na mnunuzi anayeuza kwa serikali akichanganya atajuta. Cha wanawake cha SBA kinataka mwenye kampuni awe raia wa Marekani na kampuni iwe ndogo kwa vipimo vyao, cha WBENC hakina kikomo cha ukubwa na mkazi halali anakubalika. Kwa hiyo kampuni inaweza kuwa na kimoja ikakosa kingine. Cha SBA unakitafuta wazi mtandaoni kwao, cha WBENC mwambie sapulaya akutumie chenye tarehe ya mwisho.

Kuhusu ubora, cheti cha umiliki hakisemi chochote, na hakijawahi kudai kusema. Ila kuna mahali umiliki na ubora vinakutana na sioni watu wakipazungumzia. Ni pale kampuni inapokuwa ya kivuli. Mwenye asilimia 51 yuko kwenye karatasi tu, oda inaingia kwake inapelekwa kwa kampuni nyingine, mzigo haupiti kwake, yeye anabadilisha invoisi. Wengine wameshafikishwa mahakamani kwa kutumia jina la veterani hivyo. Watu wanalichukulia kama suala la haki peke yake, na ni la haki kweli kwa sababu nafasi iliyotengwa kwa mtu imeliwa na mwingine, lakini kwangu mimi ni suala la hiti namba pia. Kila mtu wa katikati ambaye hajawahi kuugusa mzigo ni mahali ambapo karatasi inapigwa chapa upya, na jina la kiwanda linaweza kufutwa ili usijue alinunua wapi.

Kanuni za wizara ya uchukuzi ya Marekani kwenye mpango wao wa DBE, wa makampuni ya watu walionyimwa fursa, zinaitofautisha hali hii vizuri kuliko nilivyoona kwingine kokote. Mtengenezaji thamani ya mzigo inahesabiwa yote, muuzaji mwenye stoo yake asilimia 60, msambazaji ambaye mzigo haukai kwake lakini anabeba hatari yake asilimia 40, dalali anahesabiwa kamisheni yake tu. Huo mpangilio hata kama hauko kwenye miradi yao unakusaidia kuuliza maswali: mzigo wangu umekaa kwenye rafu yako? Nani aliufungua? Karatasi ya 3.1 ni ileile ya kiwanda au umeinakili kwenye barua yako?

Huyu sapulaya yote aliyajibu. Mwenye kampuni anazijua gasketi kuliko wahandisi kadhaa ninaowajua, niliwahi kumuuliza kuhusu gasketi ya spairo kwenye mvuke akaniuliza presha, joto na hali ya uso wa flenji kabla hajataja bei. Cheti chake cha umiliki ni cha kweli na anakistahili. Nembo yake tu asiichanganye na za ubora kwenye mstari mmoja.

Kwa ujumla nampa nyota 4 kwenye flenji, fitingi na boliti, na nitaendelea kununua kwake, ila oda ziandikwe EN 10204 3.1 kwenye kila mstari maana bila hivyo atakutumia 2.1. Kwenye valvu nimeacha kwa sasa. Siku cheti kitakapokuja na anwani ya ghala la pili, nitaanza na oda ndogo nizipime zote kwanza.